Zege la Mlangoni kwa Fundi Bado

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bado, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Mteja aliyemwagiwa zege uani akimpigia simu siku ya tatu na kuuliza, kwa sauti ya kubembeleza, kama gari linaweza kuingia sasa, alijibiwa, "Bado." Siku ya tano, bado. Siku ya sita, mteja akiwa amechoka kuegesha gari kwa jirani wasiyesalimiana naye, bado. Siku ya saba asubuhi fundi alikuja na buti zake za mpira, akayaondoa magunia yaliyolowa maji, akaligongagonga zege kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha sikio, kisha akasema, "Ingiza. Lakini gari dogo. Lori nisilione hapa mpaka siku ya ishirini na nane." Kuna watu husema haraka haraka haina baraka wakaishia hapo. Yeye aliipangia baraka tarehe.

Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana ya kubebea mifuko ya saruji na magoti yenye sugu. Viganja vyake saruji ilivila hadi simu za kisasa zilikataa kuvitambua. Alipiga kioo kidole kimoja baada ya kingine, simu ikamtazama tu kama karani wa ofisi ya serikali saa tisa alasiri. Akarudi kwenye simu ya vitufe, na hapo wakaelewana.

Neno lililomkera kuliko matusi yote ni "kukauka". Mtu akimwuliza, "Fundi, limekauka?" aliweka mwiko chini.

"Matope ndiyo hukauka. Zege linakomaa. Linakunywa maji huku linakomaa, kama mtoto. Ukilinyima maji wiki ya kwanza, ukaliacha juani, linakuwa gumu usoni na unga moyoni. Unawajua watu wa namna hiyo? Na wewe umewapigia kura."

Ukali huu haukushuka kutoka mbinguni. Katika kazi yake ya kwanza ya kujitegemea alimsakafia mwalimu mmoja mstaafu njia ya kuingizia gari. Siku ya tatu lori la kokoto la jirani likaomba kugeuzia pale, naye, kwa ujana na kwa kupenda kuonekana mtu mwema, akasema, "Pita tu, limeshika." Zege likapasuka kutoka kona hadi kona kwa mlio mmoja mkavu, kama kuni iliyovunjwa gotini. Mwalimu hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Kila asubuhi alitoka kwenda kununua gazeti, akifika penye ufa akanyanyua mguu, akauruka, halafu akamsalimia fundi kwa upole, "Hujambo, fundi?" Akafanya hivyo miezi minane, hadi fundi alipoona afadhali ahame njia.

Tangu hapo hakuna aliyemtoa kwenye siku saba. Mheshimiwa mmoja alijaribu. Huyu ndiye aliyekuwa na jiwe lake la uzinduzi kwenye barabara ya mtaa, barabara iliyopakwa lami nyembamba kama siagi ya tarehe thelathini. Mvua ya kwanza ikaibeba lami, jiwe likabaki peke yake linazindua matope. Nyumbani kwake, hata hivyo, hakutaka mzaha, akamwita Fundi Bado. Siku ya nne baada ya kumwaga, mheshimiwa akaandaa sherehe ya magari kumi na mawili. Fundi hakubishana naye. Alifunga geti kwa kufuli lake mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kazini upande wa pili wa mji. Siku ile mheshimiwa aliingia kwake kwa kuparamia ukuta, suti na tai, anasukumwa makalio na mlinzi. Mheshimiwa hayupo tena, kura hazikutosha. Zege lipo.

Mtu pekee aliyeweza kumchokoza na asinuniwe ni rafiki yake wa miaka mingi, msimamizi wa genge la lami, ambaye kila mtu alimwita Bwana Lami kwa sababu alinukia lami hata akitoka kuoga. Wawili hawa walibishana kila Jumapili kwenye benchi la nje ya duka la vifaa vya ujenzi, na muuza duka alidai kwamba ubishi wao ulimletea wateja.

"Mimi asubuhi namwaga, mchana nashindilia, jioni imepoa, bibi harusi anapita," alisema Bwana Lami.

"Na mwaka wa tatu bibi harusi anatumbukia shimoni."

"Mwaka wa tatu ndoa yenyewe imeshatoboka, nani atakumbuka barabara?"

"Lami yako jua linaifyonza mafuta, inabaki makapi. Usipoipaka tena kila baada ya miaka michache, kwisha. Zege langu likikomaa vizuri linakaa miaka thelathini."

"Miaka thelathini! Ndugu yangu, wewe unamjengea nani? Mteja wako ana presha, ana sukari, ana mikopo. Mpe kitu akitumie leo."

Fundi Bado alicheka, lakini hakukubali.

Sasa, mganga hajigangi. Nyumba ya Fundi Bado ilikuwa ya vyumba vitatu, imekaa juu kidogo ya barabara, na kutoka getini hadi mlangoni palikuwa na mteremko wa hatua ishirini na mbili wa udongo mtupu. Kiangazi ulikuwa vumbi. Mvua zikinyesha ulikuwa utelezi ambao hata paka wa nyumba aliuzunguka. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa dirishani, inautazama udongo ule ule, na kwa miaka ishirini na sita aliwaona wateja wake wakipanda viatu mkononi, vitambaa wamevikumbatia kifuani wasivichafue.

"Mume wangu kasakafia mji mzima," aliwaambia, pini zikiwa mdomoni. "Mimi kanihifadhia udongo wa asili. Labda watakuja watalii."

Waliitana fundi, yeye na mumewe, na kila mmoja aliamini kwamba kazi ya mwenzake ndiyo rahisi.

"Mimi nikikosea nafumua," alimwambia. "Wewe ukikosea unaita nyundo."

"Ndiyo maana sikosei."

"Ndiyo maana hapa kwetu hujaanza."

Kila mwaka kulikuwa na sababu. Mvua hazijaisha. Saruji iliyobaki imeganda mfukoni. Kazi ya watu kwanza. Hakuwa mvivu wala hakuwa bahili. Alikuwa tu kama waume wengi, anaamini kwamba mke ni mteja asiyeweza kuhamia kwa fundi mwingine. Naye mkewe hakuwa na madai makubwa. Alitaka kitu kimoja, na alikisema mara nyingi hadi kikawa kama salamu ya nyumba.

"Siku moja nataka kushuka kwenye gari mlangoni kwangu. Nimevaa viatu vya kisigino. Nishuke taratibu, kama mke wa mtu."

"Kwani wewe ni mke wa nani?"

"Wa Bado."

Mwaka aliougua, tumbo lilianza kujaa huku mikono ikikonda. Alizipunguza gauni zake mabegani mara tatu, kila mara akimwambia binti yao kwamba kitambaa cha siku hizi kinalegea. Binti alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na hesabu ile hakuipenda. Mara ya nne miguu ikakataa kumbeba. Wakampeleka hospitali, akalazwa wiki tano.

Jumanne moja daktari kijana, macho mekundu kwa kukesha, alimwita Fundi Bado kwenye ujia, penye ndoo ya kupigia deki.

"Mzee, dawa za kumponya hatuna tena. Zilizobaki ni za kumtuliza maumivu, na hizo anaweza kunywea nyumbani. Yeye mwenyewe anasema anataka nyumbani. Njooni mumchukue Ijumaa."

"Tuna siku ngapi, daktari?"

"Siwezi kukupa tarehe, mzee. Si nyingi."

Katika maisha yake yote Fundi Bado hakuwahi kupewa kazi isiyo na tarehe.

Wodini mkewe alikuwa amelala chali. "Wamekwambia?" aliuliza.

"Wameniambia Ijumaa."

"Afadhali. Dari hili kalipaka rangi mtu aliyekuwa anawahi mechi. Nimelitazama wiki tano, macho yananiuma. Nataka nilale kwangu, fundi. Kitanda mkisogeze dirishani, niwe naona watu wanavyokuja."

Alirudi nyumbani mvua ikiwa imetoka kunyesha. Alifungua geti akasimama chini ya mteremko. Hospitali ilikuwa imewapa kiti cha magurudumu cha kuazima, na hakuna kiti cha magurudumu duniani ambacho kingepanda pale. Alisimama muda mrefu, buti zikizama. Halafu akaingia stoo, akatoa kamba na vigingi, akaanza kupima.

Bwana Lami alimkuta Jumatano asubuhi akichimba na vibarua wawili.

"Unafanya nini?"

"Namtengenezea fundi wangu njia."

"Ijumaa si keshokutwa?"

"Hatakuja Ijumaa. Nitawaomba wamkalishe wiki moja. Namwaga kesho, Alhamisi ijayo anaingia na gari hadi mlangoni."

Bwana Lami alikaa juu ya rundo la kokoto. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini safari hii aliyachagua.

"Sikiliza, ndugu yangu. Kokoto hizi hapa tunazo. Tushindilie leo, tutandike mbao juu, Ijumaa shemeji anasukumwa kwenye kiti taratibu. Au nikuletee lami. Ijumaa asubuhi tuko eneo la karibu, kuna tani itabaki. Saa nne naimwaga, jioni imepoa, shemeji anapita."

"Lami? Kwangu mimi? Watu watasema nini?"

"Watasema shemeji kafika nyumbani."

Fundi Bado alipiga sururu mara mbili kabla ya kujibu. "Ameniomba miaka ishirini na sita. Nikamwekee mbao? Ashushwe getini kama gunia, abebwe, majirani wanachungulia? Hapana. Atashuka kwenye gari mlangoni kwake, kama alivyosema."

"Mtu hupita juu ya zege siku ya pili, mwenyewe ndivyo unavyowaambia wateja."

"Mtu. Gari ni siku saba."

"Basi aje kama mtu!"

Lakini alikuwa ameshaamua, na Fundi Bado akiamua ilikuwa kama zege la siku ya ishirini na nane. Bwana Lami alivua koti, akashika koleo, wakachimba pamoja.

Alhamisi walimwaga. Katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kumwaga zege kama lile. Wateja aliwawekea unene wa inchi nne; pale aliweka sita, na wavu wa nondo katikati. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga alioupepeta mwenyewe, tatu za kokoto, na maji aliyapima kwa kopo, maana maji mengi hulilegeza zege likawa kama uji. Alilisawazisha kwa ubao mrefu, akalikata mikato mitatu ili likitaka kujinyoosha kwa jua lipate pa kujinyooshea. Mwisho akapitisha fagio juu yake, mistari myembamba ya kukingama, ili magurudumu ya kiti yasiteleze. Alipomaliza, vibarua walisimama wakalitazama bila kusema kitu, nao walikuwa watu wa kusema.

Alasiri hiyo hiyo alikwenda hospitali na simenti kwenye nyusi. Alimkuta nesi wa zamu mezani.

"Mwanangu, nakuomba. Mgonjwa wangu mnikalishie mpaka Alhamisi ijayo."

"Baba, watu wote wanalia tuwaruhusu mapema, wewe unataka tuongeze? Kitanda kile kina mtu anakisubiri."

"Ni siku saba tu. Nyumbani bado hapajawa tayari."

Nesi alimtazama mikono, akahurumia kitu ambacho hakukielewa, akaandika.

Mkewe alipoambiwa, kwanza alicheka, kicheko kifupi kilichomuumiza ubavu.

"Umemwaga? Kweli? Leo?"

"Inchi sita. Alhamisi ijayo unashuka mlangoni. Nimeshazungumza na jirani mwenye teksi, ataiosha."

Alivuta shuka hadi kifuani, akalipapasa pindo lake kwa vidole kama alivyopapasa kila kitambaa kilichopita mikononi mwake.

"Miaka ishirini na sita nimelisubiri zege lako," alisema. "Leo limekuja, na kitu cha kwanza linaniambia nisubiri."

"Siku saba, fundi. Saba tu."

"Haya. Likomaze. Mimi nipo." Halafu akaongeza, "Viatu vyangu vya kisigino viko chini ya kabati. Mwambie binti avifute vumbi."

Ijumaa alitandika magunia, akayalowesha asubuhi, mchana na jioni. Jua lilikuwa kali, na jua ndilo adui wa zege changa, basi akawa hatoki. Kazi za watu alizisimamisha. Wateja walipopiga simu aliwaambia ana kazi kubwa nyumbani, nao wakashangaa, maana nyumbani kwake hapakuwahi kuwa na kazi.

Jumamosi binti yake alifika moja kwa moja kutoka hospitali. Hakupanda, alisimama getini, mkoba begani.

"Baba, leo hakula. Anauliza dirisha lake. Tumlete leo."

"Leo siku ya pili."

"Nimepiga hesabu. Mama wamempima jana, ana kilo arobaini na moja. Kiti kina kilo kumi na tano. Jumla hamsini na sita. Wewe una kilo themanini, na hapo uliposimama ni wapi?"

Fundi Bado alitazama chini. Alikuwa amesimama katikati ya zege, buti juu ya gunia, mpira wa maji mkononi.

"Mimi napita kingoni," alisema.

"Baba, uko katikati."

"Natembea nikijua pa kukanyaga. Gurudumu halijui. Na gari lazima lifike mlangoni, binti yangu, ndivyo alivyotaka. Unataka nimfanyie kazi nusu? Yeye?"

"Nataka alale kwake."

"Alhamisi."

Binti alikuwa amelelewa na neno "bado" tangu utotoni, baiskeli bado, safari bado, na alijua kwamba ukuta ule hauna mlango. Aliingia kwa kuzunguka nyuma ya nyumba, akavitoa viatu chini ya kabati, akavifuta.

Fundi Bado alipobaki peke yake alijiinua kwa vidole vya miguu, akajiachia, kisigino kikalipiga zege. Lilijibu kwa sauti nzito ya chini. Sauti nzuri. Aliijua. Akajiinua tena, akajiachia. Halafu akamkumbuka mwalimu mstaafu akinyanyua mguu wake, akajiona mwenyewe kila asubuhi anauruka ufa mbele ya dirisha la mkewe, mkewe akimtazama. Akafungulia maji.

Jumapili mkewe alipiga simu kwa simu ya nesi.

"Limefika siku ya ngapi?"

"Ya tatu. Linakwenda vizuri sana. Ungeliona rangi yake."

"Vizuri." Alipumua. "Na mimi je? Mbona huniulizi nimefika siku ya ngapi?"

Fundi Bado aliusogeza mpira wa maji hadi gunia jingine. Mkewe akamwonea huruma, kama kawaida yake.

"Natania, fundi. Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Nenda kale."

Jumatatu alikwenda kumwona akamkuta amelala nusu, macho yakiwa wazi kidogo. Alikaa pembeni, akaushika mkono ambao ulikuwa mwepesi kama fundo la uzi. Mkono mwingine ulikuwa kwenye pindo la shuka, unapapasa.

"Pindo hili kalishona nani?" alisema polepole. "Ovyo kabisa."

"Nikwambie kitu? Siku tatu zimebaki."

"Mm."

"Ukitaka nikubebe leo nitakubeba." Alilisema hilo kwa sauti ndogo, na hata yeye hakujua kama alitaka asikike.

Mkewe alikuwa ameshalala. Nesi alipopita alisema, "Mwache apumzike, baba," naye akamwacha apumzike. Alirudi nyumbani kumwagilia kabla jua halijapanda.

Jumanne, siku ya tano, saa nne asubuhi, alikuwa ameshamwagilia nusu ya mteremko simu ilipolia. Alimsikiliza nesi hadi mwisho. Alisema asante. Akairudisha simu mfukoni, akauokota mpira wa maji, akaendelea kumwagilia kutoka pale alipoishia hadi kona ya mwisho, gunia kwa gunia, kwa uangalifu, bila kuruka hata moja. Binti alimkuta hivyo. Hakumzuia. Alikwenda kulifunga bomba yeye mwenyewe, maji yakakatika, na baba yake akabaki ameshika mpira mtupu.

Jumatano walimleta. Ilikuwa siku ya sita.

Habari za zege la Fundi Bado zilikuwa zimeenea, na watu waliokuja kuzika walijipanga nje ya geti, kando ya barabara. Hakuna aliyediriki kukanyaga. Hata gari lenye jeneza lilisimama pale, dereva akateremka, kofia mkononi.

"Mzee, tutambeba kuanzia hapa. Tupo vijana sita. Tutapita pembeni."

Fundi Bado alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Aliinama akaanza kuyavuta magunia, moja moja, akiyatupa kwenye nyasi, na Bwana Lami alipotaka kumsaidia alimzuia kwa mkono. Zege likabaki wazi, la kijivu chepesi, mistari ya fagio imenyooka kama mshono.

"Ingia," alisema. "Hadi mlangoni."

"Mzee, nasikia bado siku moja."

"Nimesema ingia."

Gari liliingia. Lilipanda mteremko kwa gia ya kwanza, taratibu, watu wameshika pumzi, na likasimama mlangoni hasa, kizingiti kikagusana na mlango wa nyuma wa gari. Wakamshusha hapo. Akaingia kwake.

Wote waliingia nyuma yake isipokuwa mumewe. Yeye alipiga magoti kwenye zege, na wanawake waliomwona walishika vifua wakidhani anasali. Alikuwa anapapasa pale magurudumu yalipopita. Alipapasa upande wa kulia hadi juu, akashuka akipapasa upande wa kushoto. Akainuka, akaenda getini.

Basi dogo la jamaa wa mkewe lilikuwa limeegeshwa barabarani, limejaa watu. "Ingizeni," aliwaambia. "Msishuke. Ingieni nalo." Liliingia likiwa na watu ishirini na mbili ndani. Alilifuata nyuma akiwa ameinama, anatazama chini.

Halafu likaja lori la viti na turubai, na pipa la maji la lita elfu moja limefungwa nyuma. Dereva wake, aliyewahi kufukuzwa na Fundi Bado kwenye nyua mbili za watu, alizima injini mbali kabisa.

"Njoo," Fundi Bado alimpungia. "Njoo, njoo. Kata kulia. Njoo."

"Mzee, hili ni lori!"

"Naona ni lori. Njoo!"

Lori likapanda, linanguruma, pipa linamwaga maji pembeni. Zege halikutoa sauti yoyote. Fundi Bado akatembea nyuma ya magurudumu, mikono magotini.

"Rudi nyuma," alisema. "Panda tena."

Dereva alimtazama Bwana Lami. Bwana Lami aliitikia kwa kichwa kwamba afanye anavyoambiwa. Lori likashuka, likapanda. Likashuka tena. Sauti yake ikawafanya watu wa ndani waanze kuchungulia dirishani, lile la cherehani, wakamwona mfiwa anasimamia lori kama trafiki.

"Ndugu yangu," alisema Bwana Lami, akimsogelea. "Unatafuta ufa?"

"Mmoja tu. Hata wa unywele."

"Hakuna."

"Tazama vizuri. Wewe una macho."

Bwana Lami aliinama kweli. Alitazama kila mkato, kila kona, akatamani kwa moyo wake wote auone, akamwonyeshe. "Hakuna, ndugu yangu. Ni kazi safi."

Binti alitoka ndani. Alipita katikati ya zege, akamfikia baba yake, akamshika mkono ule mgumu usiotambuliwa na simu.

"Baba, basi."

"Halijapasuka."

"Nimeona."

"Lori, binti yangu. Limebeba lori. Lilikuwa na nguvu ya kumbeba yule tangu Jumamosi. Ulisema ngapi? Na kiti chake?"

"Baba."

"Ulisema ngapi?"

"Hamsini na sita."

Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani, anangoja aambiwe apande au ashuke. Hakuna aliyemwambia. Mwishowe alizima injini pale pale katikati ya mteremko, akashuka, na watu wakaanza kushusha viti.